Yakuti ya Matombo na Habari za Nuru Kali

Milima yetu ya Uluguru yasifiwa kwa mambo mengi. Maji ya Mto Ruvu, ambayo watu wa Dar es Salaam huyanywa, hutoka humu. Mboga za Mgeta hupelekwa mpaka mijini. Kilele cha Kimhandu chapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Lakini mwezi huu twapenda kusimulia habari za kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, ambacho hupatikana chini ya udongo upande wa mashariki wa milima hii, katika nchi ya Matombo na jirani zake. Kitu hicho ni yakuti nyekundu, ambayo wachimbaji huiita rubi.

Sababu ya kuichagua habari hii ni hii. Jiwe la namna hiyo ndilo lililotumiwa mwaka 1960 kutoa nuru ya aina ambayo mwanadamu hakuwa amepata kuitengeneza. Tena kwa nuru hiyo, mwaka uliofuata, wataalamu walivumbua ya kuwa nuru ikiwa kali mno huweza kubadili tabia ya kitu inachokipita, na kitu hicho nacho huweza kubadili rangi ya nuru. Siku hizi watoto wetu huchezea vimulimuli vya kijani vinavyouzwa masokoni kwa bei ndogo. Wameshika mikononi mwao tunda la elimu ile, nalo ni tunda lenye hatari, wala hawajui. Basi hapana budi sisi walimu tuwaeleze.

Mawe ya Uluguru

Zamani za utawala wa Wadachi milima hii ilijulikana kwa ulanga, yaani jiwe lile linalobanduka karatasi kwa karatasi na kupenyeza mwanga. Ulanga haushindwi na joto upesi, wala haupitishi umeme, na kwa hiyo ulitakiwa sana katika nchi za Ulaya. Mwaka 1906 mtaalamu mmoja wa Kidachi, jina lake Willy Marckwald, alieleza madini mapya yaliyotoka Uluguru, akayaita rutherfodini kwa heshima ya Ernest Rutherford, yule bingwa wa habari za atomu. Hivyo jina la milima yetu liliingia katika vitabu vya elimu ya madini tangu siku hizo.

Yakuti zilikuja kujulikana nyuma kabisa. Katika miaka ya 1980 vito vyekundu kutoka wilaya ya Morogoro vilianza kuonekana kwa wingi katika masoko ya dunia, na mwaka 1991 wataalamu wawili, Hänni na Schmetzer, waliandika maelezo yao juu ya yakuti hizi mpya. Yakuti za Matombo zilizaliwa ndani ya mawe ya marumaru, wakati miamba ya nchi hii ilipobanwa na kuchomwa chini sana ya ardhi, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita.

Yakuti yenyewe ni nini? Tukiichunguza twaona ajabu, maana asili yake ni vitu viwili visivyo adimu. Ni alumini, ile ile ya sufuria zetu, iliyoungana na oksijeni, ile hewa tunayoivuta. Vitu hivyo viwili vikiungana na kupangika safu kwa safu hufanya fuwele ngumu, ambayo katika mawe ya asili hushindwa na almasi tu. Fuwele hiyo ikiwa safi haina rangi. Lakini mahali pachache ndani yake, badala ya chembe ya alumini, ikikaa chembe ya kromi, jiwe lote huwa jekundu. Kromi hiyo hunywa nuru ya kijani na ya zambarau, kisha hutoa nuru nyekundu yake yenyewe. Kwa hiyo yakuti nzuri huonekana kama kaa la moto lililo hai.

Yakuti iliyotengenezwa kwa moto

Huenda msomaji akafurahi na kusema, Kumbe jiwe letu ndilo lililofanya maajabu ya mwaka 1960! La, sivyo. Inatupasa kusema kweli hata pale ambapo kweli hiyo haitupi sifa. Mfaransa mmoja, Auguste Verneuil, alitangaza mwaka 1902 namna ya kutengeneza yakuti kwa moto. Aliudondosha unga safi wa alumini iliyoungana na oksijeni, pamoja na kromi kidogo, katikati ya mwali mkali mno. Unga uliyeyuka, matone yakaganda juu ya kijiti, na fuwele ikakua pole pole. Vijiwe vyekundu vilivyomo ndani ya saa za zamani za kutia ufunguo, ambavyo idadi yake iliandikwa juu ya uso wa saa, vingi vyake ni yakuti za namna hiyo.

Yakuti ya moto si bandia kama kipande cha chupa. Ni yakuti kweli kwa asili yake. Lakini yakuti ya mlimani mara nyingi ina nyufa na uchafu ndani yake, nayo ya moto yaweza kufanywa safi, kubwa, na yenye kromi kwa kipimo. Kwa ajili hiyo wataalamu waliichagua.

Nuru iliyopangwa safu

Mwaka 1917 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu ya kuwa chembe iliyokwisha kujazwa nguvu, ikipitiwa na nuru inayoipasa, huchochewa kutoa nuru yake, na nuru hiyo hufuatana na ile ya kwanza kwa mwendo mmoja na upande mmoja. Watu walikaa na hesabu hiyo miaka mingi. Mwaka 1954 Charles Townes na wenzake huko Marekani walifaulu kuitumia kwa mawimbi yanayofanana na ya redio. Mwaka 1958 yeye na Arthur Schawlow waliandika namna ambavyo ingewezekana kwa nuru yenyewe.

Ndipo tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu katika jimbo la California, Theodore Maiman alipochukua kijiti kifupi cha yakuti ya moto, akakipaka fedha miisho yake, akakizungushia taa ya kumweka kama zile za wapiga picha, iliyosokotwa kama nyoka. Taa ilipomweka, chembe za kromi zilijaa nguvu. Nuru nyekundu ikaenda na kurudi kati ya miisho ile miwili, ikizidi kila mara, kisha ikatoka kama mshale. Gazeti moja la wataalamu lilikataa kuichapa habari hiyo, lakini gazeti la Nature la Uingereza liliichapa tarehe 6 Agosti mwaka ule ule. Nuru ya namna hiyo ndiyo iitwayo leza.

Nuru ya taa ya kawaida yafanana na watu watokao sokoni, kila mtu akienda njia yake na kwa hatua zake. Nuru ya leza yafanana na askari katika gwaride, wote wakinyanyua mguu mmoja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa haitawanyiki, yaweza kukusanywa kwa lenzi katika nukta ndogo mno, na hapo ukali wake hupita kiasi.

Desturi ya zamani ya nuru

Kabla ya siku hizo, waliosoma habari za nuru walijua kanuni mbili zilizoonekana kuwa hazivunjiki. Ya kwanza, nuru ikipita katika kitu haipati rangi mpya iliyozaliwa na nuru yenyewe. Ukiweka kioo chekundu mbele ya taa, kioo hakizai wekundu, bali huzuia rangi nyingine na kuuachia wekundu uliokuwamo tangu mwanzo. Ya pili, nuru mbili zikikutana hazizuiani. Watu wawili wakimulika kurunzi zao zikapishana gizani, kila mwanga hupita kana kwamba mwenzake hayupo.

Lakini mtu mmoja alikuwa amekwisha kuona mlango mdogo katika ukuta huo. Naye twamtaja kwa furaha, kwa sababu alikuwa mwalimu wa walimu. Jina lake John Kerr, Mskochi, aliyesomea mambo ya dini, kisha akafundisha hesabu katika chuo cha walimu cha kanisa mjini Glasgow. Mwaka 1875 alionyesha ya kuwa kioo kikitiwa nguvu kubwa ya umeme, hubadilika namna kinavyopitisha nuru. Sasa, James Clerk Maxwell alikuwa amekwisha kueleza katika miaka ya 1860 ya kuwa nuru yenyewe ni mawimbi ya umeme na sumaku. Tukiyaunganisha maneno ya hao wawili swali hutokea lenyewe. Ikiwa umeme hubadili kioo, na nuru ni umeme, je, nuru kali haiwezi kukibadili kioo inachokipita?

Yaweza. Walakini umeme uliomo katika nuru ya jua ni mdogo mno. Nguvu inayoifunga elektroni ndani ya atomu huuzidi mamia ya mamilioni ya mara. Jua letu lawaka kila siku juu ya mawe ya Uluguru, wala halionyeshi dalili yoyote ya jambo hilo. Ilipasa kungoja leza.

Jambo la mwaka 1961

Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walikuwapo Peter Franken na wenzake, Alan Hill, Wilbur Peters na Gabriel Weinreich. Mwaka 1961 walichukua leza ya yakuti, wakakusanya nuru yake ndani ya fuwele ya kwatzi, jiwe lile ambalo jina lake twaliona katika nyuso za saa za ukutani. Mpigo mmoja wa nuru ulidumu yapata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nuru iliyoingia ilikuwa nyekundu, urefu wa wimbi lake nanomita 694, na nanomita moja ni sehemu moja ya elfu milioni ya mita. Nuru iliyotoka waliitenga rangi mbalimbali, wakaipiga picha.

Katika picha ile palikuwa na doa kubwa la nuru nyekundu iliyopita tu. Mbali na hilo, mahali pa nanomita 347, palikuwa na nukta hafifu sana. Nambari hiyo ni nusu kamili ya ile ya kwanza, na wimbi likipungua nusu, mitetemo yake huwa imezidi mara mbili. Fuwele ilikuwa imekwisha kuzaa nuru mpya, isiyoonekana kwa macho, kutokana na nuru nyekundu peke yake. Kanuni ya kwanza ya zamani ilikuwa imevunjika.

Habari yao ilichapwa mwezi wa Agosti 1961. Nayo ina kisa ambacho walimu wa sayansi hupenda kukisimulia. Waliotengeneza picha kwa ajili ya gazeti waliiona nukta ile hafifu, wakadhani ni uchafu, wakaifuta. Hivyo gazeti lilitoka na mshale unaoelekeza mahali ambapo hapana kitu. Jambo kubwa kuliko yote katika karatasi ile ndilo lililofutwa, kwa kuwa lilikuwa dogo kwa kutazama.

Namna inavyokuwa

Tujaribu kueleza kwa mfano wa nchi yetu. Mtu akisukuma gurudumu katika uwanja tambarare, mara mbele, mara nyuma, kwa nguvu zilizo sawa, gurudumu huenda sawasawa pande zote mbili. Lakini likiwa katika mteremko wa Uluguru, nguvu zile zile zitalipeleka mbali upande wa chini na karibu upande wa juu. Mwendo wake hautalingana. Elektroni ndani ya kwatzi zakaa mahali pa namna hiyo, kwa maana fuwele ile haikupangwa kwa kulingana pande zote. Nuru hafifu ikizitikisa, zasogea kidogo sana, na mteremko hauonekani. Nuru kali ikizitikisa, zafika mbali, na mwendo wao huenda upande. Mtetemo ulioenda upande huwa na mtetemo mwingine ndani yake, wenye kasi mara mbili ya ule wa kwanza. Huo ndio unaotoa nuru mpya.

Nasi twakijua kitu kama hicho kwa masikio. Redio ikifunguliwa kwa kiasi, sauti ya mwimbaji hutoka safi. Ikifunguliwa kupita uwezo wake, hukwaruza, na twasikia sauti ambazo mwimbaji hakuziimba. Sauti hizo za ziada zimezaliwa na redio yenyewe kwa sababu ya kuzidishiwa. Katika redio ni karaha, bali katika fuwele iliyochaguliwa vema ni faida.

Mwaka ule ule wa 1961, Kaiser na Garrett huko Marekani walionyesha jambo jingine. Chembe moja iliweza kunywa vipande viwili vya nuru nyekundu kwa pamoja, kisha ikatoa nuru ya buluu. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kupigiwa hesabu na mwanamke kijana, Maria Göppert, katika kazi yake ya chuo huko Göttingen, iliyochapwa mwaka 1931. Alingoja miaka 30 hata yakuti ilipothibitisha maneno yake. Nicolaas Bloembergen, ambaye pamoja na wenzake aliziandika kanuni za elimu hii mpya mwaka 1962, alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Faida yake na hatari yake

Mtu aweza kuuliza, Mambo haya yanamhusu nini mkulima wa Kinole au wa Mkuyuni? Yanamhusu kwa njia nyingi. Tangu mwaka 2009, ulipofika Dar es Salaam mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari, habari nyingi za simu na intaneti zimeingia nchini kwa nuru ipitayo ndani ya nyuzi nyembamba za kioo. Mafundi hawawezi kuizidisha nuru hiyo kama wapendavyo, kwa maana ikizidi kiasi, kioo hubadilika kwa desturi ile aliyoiona mwalimu Kerr, na ujumbe huharibika. Tena waganga wa macho wana nuru ya kijani ya leza, ambayo aghalabu huzaliwa kwa njia ya Franken. Kwa nuru hiyo hutibu mishipa ndani ya jicho la mgonjwa wa kisukari, asipofuke.

Sasa twarudi kwa vile vimulimuli vya kijani. Vingi vya namna hiyo havitoi kijani tangu mwanzo. Ndani yake mna leza ndogo ya nuru isiyoonekana, yenye nanomita 808. Hiyo huamsha fuwele moja itoe nuru nyingine isiyoonekana, yenye nanomita 1,064, na fuwele ya pili huigeuza iwe nanomita 532, yaani kijani. Mtaona ya kuwa ni kazi ile ile ya mwaka 1961, iliyotiwa katika kitu kilicho sawa na kalamu. Lakini si nuru yote igeukayo. Ile inayobaki bila kugeuka hupaswa kuzuiwa kwa kioo maalumu. Mwaka 2010 wataalamu wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani walipima kimulimuli kimoja cha bei ndogo, wakaona hakina kioo hicho. Kijani chake kilikuwa hafifu, na nuru isiyoonekana ilikuwa ikitoka kwa nguvu kuliko kijani chenyewe.

Hatari yake yafahamika upesi. Jicho likipigwa na nuru kali ya kuonekana, hufumba. Likipigwa na nuru isiyoonekana halijui, halifumbi, na lenzi ya jicho huikusanya nuru hiyo nyuma ya jicho katika nukta moja, kama vile Franken alivyoikusanya katika kwatzi. Pale huunguza, na mahali palipoungua kwa namna hiyo hapaponi vizuri. Basi wazazi, kimulimuli kilicho hafifu si lazima kiwe salama. Msiwape watoto kitu hicho wachezee, wala mtu asimulikwe usoni kwa mzaha, wala kisielekezwe kwenye kioo au bati linalong'aa.

Neno kwa wenye vijana

Twamaliza kwa jambo moja. Yakuti ya Matombo ilikuwa imelala chini ya mashamba yetu siku ile Maiman alipowasha taa yake. Ilikuwa na alumini ile ile, kromi ile ile, na wekundu ule ule. Haikuwa na upungufu wa kuizuia kutoa mwanga, ila uchafu kidogo na nyufa. Kilichofanya kazi ile Malibu na si hapa hakikuwa jiwe, kwa maana jiwe walilitengeneza wenyewe kwa unga na moto. Kilikuwa ni elimu, iliyopokezwa kwa mikono mingi, tangu mwalimu wa Glasgow hadi yule mwanamke wa Göttingen.

Kijana aachaye darasa kwenda mashimoni hutafuta punje nyekundu. Akiipata huiuza kwa mtu ajuaye thamani yake kuliko yeye, na fedha hiyo huisha. Hatumlaumu, kwa kuwa ada, sare na njaa za nyumbani twazijua. Lakini twawaomba wazee wa vijiji na wa kanisa wapime jambo hili kwa haki. Jiwe likichimbwa mara moja halirudi, bali hesabu aliyofundishwa mtoto huzaa hesabu nyingine. Mwenyezi Mungu ameificha yakuti mlimani na akili katika mtoto. Tusichimbe mlima tu, tukaiacha akili ya mtoto imelala.